Waya wa Buluu

Fomu ya karakana yetu, hapa Ruwi,
ina visanduku vitatu vya kutia alama:
kifaa, programu, na kile cha mwisho
ambacho Harith, tajiri yangu, alikiita "mengineyo",
maana hakuna aliyeweza kumweleza
kama programu iliyochomwa ndani ya chipu
ni chuma kinachosema
au neno lililoganda.

"Kikikuangukia mguuni ukaumia, ni kifaa," husema.
"Kikikuudhi na huwezi kukipiga teke, ni programu."
Ya tatu huimalizia kwa kikohozi.

Agosti. Mawaleh. Nyuzi arobaini na saba.
Kiyoyozi cha Bi Thuwaiba huzimika kila siku
saa nane na dakika arobaini mchana,
huwaka tena saa tisa kamili
bila mtu kukigusa,
kama mwenye ahadi mahali.

Nilianza na rimoti, nikafuta ratiba zote.
Kikazimika.
Nikakiingizia toleo jipya la programu dhibiti,
asilimia zikipanda mojamoja, nami nimebana pumzi
kama anayemvusha mtoto barabara.
Kikazimika.
Sajeevan akabadilisha feni, akabadilisha kapasita,
akaapa kwa Kimalayalam.
Saa nane na dakika arobaini: kimya,
na nzi mmoja kiooni.

Siku ya nne niliung'oa ubao wa saketi,
nikaulaza kifudifudi juu ya sinia tupu la halua,
nikauona:
waya wa buluu, mfupi kuliko ukucha,
usiokuwamo kwenye mchoro wa kiwanda.
Umeanzia mguu wa chipu ya saa,
umekata njia tatu,
umefika kwenye swichi ya kompresa.
Lehemu yake tone safi. Mkono haukutetemeka.

Nikakaa chini.
Huu ni waya, naweza kuushika kwa koleo.
Huu pia ni sentensi.
Unasema: ikifika saa hii, pumzika.
Mtu alikuwa na neno, hakuwa na pa kuliandika,
akaliandika kwa shaba.

"Ah, huyo Mbaruk!" Bi Thuwaiba akacheka,
Kiswahili chake cha Bujumbura kikiwahi kutoka
kabla Kiarabu hakijavaa viatu.
"Kaka yangu. Alikuwa fundi wa mitambo Marmul, jangwani.
Alisema mashine isiyolala mchana
humfundisha mtu ukatili."
Yuko wapi sasa?
"Salala, kwa mwanawe. Hajambo. Mbishi tu."

Niutoe?
"Utoe, baba. Si ndiyo kazi iliyokuleta?"

Moshi wa lehemu ukapanda, mwembamba, mchungu.
Waya ukadondoka siniani
bila sauti, kama unywele.

Kesho yake nilirudi kuhakikisha.
Saa nane na nusu, baridi inavuma vizuri,
Bi Thuwaiba ananisimulia harusi ya mjukuu,
jinsi wali ulivyopungua na nani wa kulaumiwa.
Saa nane na dakika arobaini,
hadithi haijakatika mdomoni,
mkono wake ukanyanyuka, ukaitafuta rimoti kwenye mto,
ukabonyeza.
Akasimama akafungua dirisha.
Joto likaingia kama mgeni ajuaye jiko lilipo.

"Umekizima," nikasema.
"Nani, mimi?"
Akautazama ule mkono
kama anayeangalia kifaa cha jirani.

Jioni Harith aliigeuza fomu mara mbili.
Visanduku vitatu, vyote vyeupe.
Pembeni, kwa penseli: hitilafu imehama.
"Imehamia wapi?"
Waya ulikuwa mfukoni mwa shati langu,
umejikunja bado kwa umbo la zile njia tatu.
Sikumjibu.
Akakohoa, akaandika riali tatu,
za petroli.